Mchumia Juani, Kivuli Chake Ki Wapi?

Tangu mwaka 2018 hadi mwaka 2024 neno moja lilitawala mazungumzo katika ofisi za Serikali na katika vyumba vya walimu kote nchini. Neno hilo ni kikokotoo. Kanuni za mwaka 2018 zilipoweka mkupuo wa mstaafu kuwa asilimia 25, watumishi walilalamika kwa sauti kubwa, na Desemba mwaka huo huo Rais John Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 mkupuo ukawekwa kuwa asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa tena, baadhi wakafikishiwa asilimia 40 na wengine asilimia 35. Vyama vya wafanyakazi vilisema, Bunge lilisema, magazeti yaliandika, na mwishowe Serikali ikasikia. Hivyo ndivyo ipasavyo kuwa. Jasho la mtu ni haki yake, na mwalimu aliyeshika chaki miaka thelathini na mitano hana sababu ya kuona haya anapodai hesabu ya uzee wake.

Hata hivyo, katika miaka yote hiyo sita walikuwapo watu walioyasikiliza mazungumzo hayo bila ya kutia neno. Ni seremala wa Keko aliyeranda mbao za dawati ambalo mwalimu huegemea anaposahihisha madaftari. Ni mama lishe wa Feri aliyempakulia karani wali na maharage kila adhuhuri. Ni mwendesha bodaboda aliyemkimbiza mtumishi ofisini asubuhi ya mvua. Ni mvuvi wa Mwanza na mkulima wa korosho wa Newala. Hao hawakuwa na la kusema juu ya asilimia 25, wala 33, wala 40, kwa kuwa asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri.

Makabwela hao ndio wengi. Ndio wanaolima, wanaovua, wanaojenga, wanaoshona, wanaochuuza na wanaobeba. Hawana mwajiri wala hati ya mshahara, na wengi wao hawana mahali popote panapohesabiwa miaka yao ya kazi. Mwili ukichoka hakuna barua ya kustaafu itakayowafikia. Huacha kazi siku ile mkono unapokataa kushika randa, na kesho yake hakuna kinachoingia.

Yafaa basi swali liulizwe bila kumung'unya maneno. Je, hifadhi ya jamii katika nchi hii ni haki ya raia, au ni marupurupu ya mwenye hati ya mshahara?

KATIBA IMEKWISHA KUJIBU

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inaitwika Mamlaka ya Nchi wajibu wa kuweka utaratibu utakaomwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ibara hiyo inamtaja mtu. Haimtaji mtumishi, wala mwajiriwa, wala mwenye mkataba. Nayo Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2003 ilikiri kwamba walio nje ya ajira rasmi wameachwa nje ya uzio, ikaahidi kuwaingiza.

Sheria nazo zilifuata, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi wa mwaka 1964 uliwekwa kwa ajili ya walioajiriwa. Ulimlipa mwanachama fedha zake zote kwa pamoja mwisho wa kazi, na katika miaka ya 1980, bei zilipokuwa zikipanda kila kukicha, wazee wengi walipokea fungu ambalo thamani yake ilikwisha kuliwa kabla halijafika mkononi. Kwa sheria ya mwaka 1997 mfuko huo uligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, wenye kulipa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, nayo NSSF ikakabidhiwa sekta binafsi pamoja na sekta isiyo rasmi.

Kwa maandishi, basi, seremala wa Keko anao mfuko wake. Anaweza kujiandikisha kwa kitambulisho cha Taifa na kuchangia kwa simu yake ya mkononi. Mlango umefunguliwa, na wale waliofanya kazi ya kuufungua wastahili shukrani. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na kwamba wenye nyumba wanaweza kuufikia ni jambo jingine. Juu ya mlango huo limebandikwa neno dogo lenye sura ya upole: hiari.

NUSU ISIYO NA MWENYEWE

Neno hilo hiari linastahili kuchunguzwa, maana limeficha mengi.

Mwajiriwa wa kiwanda anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi huchangia asilimia 10 ya mshahara wake, yaani shilingi 30,000. Mwajiri wake, kwa amri ya sheria, huongeza nyingine 30,000. Kila mwezi, basi, shilingi 60,000 huingia katika hesabu ya mwajiriwa huyo. Mtumishi wa umma yeye hukatwa asilimia 5, na Serikali iliyomwajiri humjazia asilimia 15.

Sasa na atazamwe seremala. Tuseme naye, kwa kujinyima, anatenga shilingi 1,000 kila siku, ambazo kwa mwezi ni 30,000. Amejitoa sawasawa na yule wa kiwandani, shilingi kwa shilingi. Lakini hana wa kumjazia. Katika hesabu yake zinaingia 30,000 tu. Baada ya miezi 180, ambayo ndiyo idadi ya chini ya michango inayompa mwanachama haki ya pensheni ya uzeeni katika utaratibu wa mfuko huo, mwajiriwa atakuwa na michango ya shilingi 10,800,000, naye seremala atakuwa na 5,400,000. Wamefanya kazi miaka ile ile kumi na mitano na kujinyima kiasi kile kile. Mmoja ataingia uzeeni na nusu ya mwenzake, kwa kosa la kutokuwa na bwana.

Na hiyo miezi 180 nayo si kitu kimoja kwa watu wote. Kwa mwenye mshahara, mwezi ni kipimo cha kweli, kwani tarehe hufika na fedha hufika. Kwa mkulima wa korosho, mwaka una msimu mmoja wa fedha na miezi mingi ya kusubiri. Kwa mvuvi, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawapatikani, na ziwa likichafuka hakuna anayetoka. Kwa fundi ujenzi, masika ni likizo isiyo na malipo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na fedha ya kuchangia miezi sita katika wiki moja, kisha akakaa miezi minne bila senti. Ukimpima kwa kipimo cha karani utamwita mdaiwa sugu, ilhali kwa mwaka mzima huenda ametoa zaidi ya karani.

Huo ndio ubaya wa jambo hili. Mfumo uliokatwa kwa kipimo cha mwenye mshahara umevishwa kila mtu, na yule ambaye haumwenei analaumiwa kwa umbo lake.

NANI ANAMLIPIA NANI?

Wapo watakaosema kwamba mtumishi ana mwajiri, na mwajiri huyo ndiye anayemlipia, hivyo seremala asiyekuwa na mwajiri asitamani cha mwenziwe. Hoja hiyo inaonekana nzuri hadi mtu aulize hizo fedha za mwajiri zinatoka wapi.

Mwajiri wa mwalimu ni Serikali. Fedha ya Serikali inatoka Hazina, na Hazina hujazwa na wananchi. Mama lishe anaponunua sabuni ya kuoshea sahani hulipa kodi ya ongezeko la thamani iliyo ndani ya bei. Mwendesha bodaboda hulipa tozo za mafuta katika kila lita anayotia. Mkulima hukatwa ushuru wa mazao. Hakuna anayewauliza kama wanalipa kwa hiari. Kutokana na fedha hizo, pamoja na nyinginezo, hutoka ile asilimia 15 inayojazwa katika pensheni ya mtumishi.

Historia nayo inasema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Kwa sheria ya pensheni ya mwaka 1954, mtumishi wa Serikali mwenye haki ya pensheni hakuchangia hata senti moja. Uzee wake ulilipwa wote na Hazina, na hali ikaendelea hivyo mpaka mwaka 1999 ulipoanzishwa mfuko wa kuchangia. Katika miaka hiyo, kahawa, pamba na mkonge ndivyo vilivyoipatia nchi fedha za kigeni, na mtu wa kijijini alilipa kwa njia ya mazao yake na kwa kodi za kichwa chake, mpaka kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Mzee wa kijijini aliyekufa bila pensheni alikuwa amesaidia kulipa pensheni ya mkuu wa wilaya. Hata deni la miaka ile ya kabla ya 1999, ambalo mifuko iliidai Serikali, lilianza kulipwa katika mwaka wa fedha 2021/22 kwa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni mbili. Deni hilo nalo litabebwa na walipa kodi wote, wakiwamo wasio na mfuko.

Isidhaniwe kwamba hapa inajengwa fitina kati ya mtumishi na mchuuzi. Mwalimu hakumwibia mtu. Pensheni yake ni ujira wa kazi halali, na Serikali ilifanya vyema kulipa deni lake. Linalosemwa ni kwamba Taifa limekwisha kukubali, kwa vitendo na kwa fedha, kuwa uzee wa raia anayelitumikia ni mzigo wa wote. Baada ya kukubali hivyo, haliwezi kumgeukia yule anayelilisha, anayelijengea na anayelibebea mizigo na kumwambia kwamba uzee wake yeye ni mambo yake binafsi.

Mfano mmoja uko Dar es Salaam, mbele ya macho ya kila mtu. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za NSSF, yaani kwa akiba za wafanyakazi. Ni kazi ya kujivunia. Kila siku waendesha bodaboda na wachuuzi huvuka juu ya uzee wa wenzao uliogeuzwa kuwa saruji na vyuma, wakiwahi kutafuta riziki ambayo haiwawekei kitu kwa ajili ya uzee wao wenyewe.

VISINGIZIO VITATU

Kila mara jambo hili linapotajwa, visingizio vitatu hutolewa, na vyote vitatu husemwa na watu walioshiba.

Cha kwanza ni kwamba watu wa sekta isiyo rasmi hawana utamaduni wa kuweka akiba, hivyo wanahitaji elimu. Semina huitishwa, vipeperushi hugawiwa, na taarifa huandikwa kwamba elimu imetolewa. Kasumba hii yafaa ikomeshwe. Watu hao ndio wanaocheza upatu tangu enzi za mabibi zao, bila mahakama na bila mkataba, na kila mmoja hupata zamu yake. Ndio wenye vikoba vinavyokutana kila wiki chini ya mwembe, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Ndio wenye vyama vya kufa na kuzikana ambavyo haijapata kutokea maiti ya mwanachama ikakosa sanda. Mtu anayeweza kuendesha haya hana haja ya kufundishwa maana ya akiba. Anachokosa ni chombo kinachostahili imani yake na kinachofuata mwendo wa kipato chake.

Kisingizio cha pili ni kwamba watu hao hawaonekani. Hawana anwani, wanahamahama, na haiwezekani kuwaandikisha. Jibu la kisingizio hiki lilitolewa na Serikali yenyewe. Desemba 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilianza kugawiwa kupitia wakuu wa mikoa, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao hayakufika shilingi milioni nne kwa mwaka. Watendaji walipita soko kwa soko na kijiwe kwa kijiwe, na waliodhaniwa kuwa hawaonekani wakaonekana, hata wachuuzi wa karanga. Kama mtu anaonekana siku ya kutoa shilingi 20,000, hawezi kuwa amepotea siku ya kuandikishiwa pensheni.

Kisingizio cha tatu ndicho kikongwe kuliko vyote. Husemwa kwamba Mwafrika pensheni yake ni watoto wake. Ni kweli kwamba jamii za kale hazikumtupa mzee, na Mwalimu Nyerere alilikumbusha Taifa jambo hilo mwaka 1962 alipoeleza msingi wa Ujamaa. Lakini shamba lililomlisha mzee yule lilikuwa la ukoo, na watoto wake waliishi hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Leo mtoto yuko mjini katika chumba cha kupanga, naye pia amejiajiri, naye pia hana akiba.

Na kama yuko mtoto mmoja mwenye mshahara, basi huyo ndiye mfuko wa ukoo mzima. Hapa mtumishi na mwalimu hawahitaji kuelezwa, kwani wanajua. Ni nani kati yao ambaye mshahara wake haumalizwi na wazazi, wakwe, wajomba na shangazi waliofanya kazi maisha yao yote na kuzeeka mikono mitupu? Ni wangapi waliochukua mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara ili kumtibu mama? Hiyo ni kodi isiyoandikwa katika kitabu chochote, na hulipwa na mwenye mshahara mdogo kuliko mwenye mkubwa, kwa sababu jamaa zake ndio maskini zaidi. Kwa hiyo mtumishi anayesema kwamba hifadhi ya mchuuzi haimhusu, ajue kuwa anailipia tayari, tena kwa bei ya juu, na bila ya kupewa stakabadhi.

WENGINE WAMETHUBUTU

Haisemwi kwamba jambo hili ni jepesi. Inasemwa tu kwamba linawezekana, na ushahidi uko karibu.

Zanzibar, mwezi Aprili 2016, ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alipata kuajiriwa au hakupata. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kanuni yake ni kubwa: aliyezeeka hakuulizwa mwajiri wake alikuwa nani.

Nchini Rwanda ulianzishwa mwezi Desemba 2018 mpango uitwao EjoHeza, maana yake kesho njema. Mwananchi asiye na mshahara huweka kiasi anachoweza kwa simu, na Serikali humwongezea yule mwenye kipato cha chini. Kwa maneno mengine, nusu ile isiyo na mwenyewe imepata mwenyewe.

Nchini Kenya mafundi wa jua kali walianzishiwa mwaka 2011 mpango wa Mbao, ulioitwa hivyo kwa jina la mtaani la shilingi 20, kwani hicho ndicho kiasi kilichotakiwa kwa siku. Wengi walijiandikisha, lakini walioendelea kuchangia walikuwa wachache. Somo la Kenya halimwambii mtu kwamba jua kali hawafai. Linafundisha kwamba kumrahisishia maskini njia ya kulipa, bila kumwongezea kitu wala kumfuata aliko, hakutoshi. Wale wanaoamini kwamba simu ya mkononi pekee itaitatua kazi hii hapa nchini wangefanya vyema kulitafakari somo hilo.

MAMBO MANNE YATAKIWAYO

La kwanza, Hazina ishike nafasi ya mwajiri kwa yule asiye na mwajiri na mwenye kipato kidogo. Si lazima ianze na shilingi kwa shilingi. Ianze na robo, kwa miaka michache, kwa kiwango chenye ukomo, ili fedha isiende kwa mwenye maduka kumi anayejiita mjasiriamali mdogo. Atakayesema kwamba Hazina haina uwezo aulizwe kama itakuwa na uwezo zaidi miaka thelathini ijayo, kizazi cha bodaboda kitakapokuwa na miaka sitini, magoti yameharibika, na hakuna hata mmoja mwenye senti. Kuna mipango ya kunusuru kaya maskini, nayo ni mema, lakini hiyo humfikia mtu akisha kuanguka. Ni nafuu kumwekea mtu ngazi kuliko kumtibu mguu uliovunjika.

La pili, uhesabiwe mwaka badala ya mwezi. Mkulima aliyelipa katika msimu wa Novemba kiasi cha miezi kumi na miwili ahesabiwe miezi kumi na miwili, bila faini na bila maelezo marefu. Aliyekosa mwaka mmoja kwa ukame aruhusiwe kufidia mwaka unaofuata. Karatasi imtumikie mtu, na si mtu aitumikie karatasi.

La tatu, michango ikusanywe pale fedha inapopita. Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi, na mkulima hulipwa baada ya makato mbalimbali. Katika makato yote hayo hakuna hata moja linalomrudia akiwa mzee. Aulizwe mkulima, na akiridhia, kiasi fulani kwa kila kilo kipelekwe katika hesabu yake. Vivyo hivyo katika mialo ya samaki, katika minada ya mifugo, na katika vyama vya bodaboda.

Hapa wakulima watakumbusha, na watakuwa na haki, kwamba wamekwisha kuibiwa mara nyingi na viongozi wa vyama vya ushirika. Kwa sababu hiyo makato hayo yasilale hata usiku mmoja katika hesabu ya chama. Yaende moja kwa moja katika mfuko, na ujumbe wa kuthibitisha umfikie mkulima katika simu yake kabla hajaondoka ghalani. Kiongozi atakayechelewesha fedha hiyo ashitakiwe kama mwizi, wala asihamishiwe chama kingine.

La nne, anayechangia asikilizwe. Mifuko ya hifadhi imezoea utatu wa Serikali, waajiri na wafanyakazi. Seremala wa Keko hana mahali katika utatu huo, kwani yeye ni mwajiri na mfanyakazi kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo hahesabiwi kuwa yeyote kati ya hao wawili. Wakulima, wavuvi na wachuuzi wapewe wajumbe wao wenyewe waketi mezani fedha zinapopangiwa kazi, na waelezwe kwa Kiswahili kilicho wazi kila mwaka: kiasi hiki kimeingia, kiasi hiki kimewekezwa hapa, faida ni hii, hasara ni hii. Mtu akifichwa hasara mara moja, hataamini faida mara kumi.

WAJIBU WA WENYE KALAMU

Mambo hayo manne hayatatekelezwa na tamko. Yatatekelezwa na watumishi wale wale ambao mwaka 2018 waliona uchungu walipoguswa asilimia zao. Ofisa maendeleo ya jamii ndiye anayekijua kikoba kipi kinaaminika. Ofisa ushirika ndiye anayejua ghala lipi lina mizani iliyolegezwa. Mtendaji wa kijiji ndiye anayejua nani ni nani. Na mwalimu ndiye ambaye kijiji kizima humpelekea barua isomwe na fomu ijazwe.

Kwa hiyo urasimu ukiiua kazi hii, utakuwa umeiua kwa mikono inayojulikana. Utaiua pale mama lishe aliyefunga kibanda chake, akapoteza mauzo ya siku, atakapoambiwa aje kesho kwa sababu mtandao haupo. Utaiua pale atakapotajiwa kosa la herufi moja kati ya jina la kitambulisho na jina la fomu, kisha akaachwa amesimama. Mtumishi anayemrudisha mtu wa namna hiyo amemnyima mwezi mmoja wa pensheni kwa hakika ile ile ambayo yeye mwenyewe angenyimwa kama mkupuo wake ungepunguzwa. Tofauti ni kwamba mama lishe hana chama cha wafanyakazi cha kumpigia kelele.

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Walitoa ahadi, kwamba jasho la leo ni pumziko la kesho. Katika nchi hii ahadi hiyo imetimizwa kwa wachache, na hao wachache wasinyang'anywe. Lakini wapo mamilioni waliochumia juani tangu alfajiri ya maisha yao, na sasa jioni imeingia nao wangali juani, wakisukuma mkokoteni wakiwa na mvi kichwani. Watu hao hawaombi sadaka. Wamekwisha kulipia mti ule ambao wengine wamekaa chini yake. Wanachodai ni nafasi kivulini.